Njia panda ipi inasimama: uasi wa Waholanzi na wa Wabelgiji ukishindwa?

MchoraMkondo

Salaam wakuu. Naandika mkondo wa historia mbadala ambamo Nchi za Chini zinashindwa kujitoa mikononi mwa watawala wao mara mbili. Kwanza Uholanzi inabaki chini ya Philip II wa Hispania, kisha Ubelgiji inabaki chini ya Mfalme Willem I baada ya 1830. Njia panda, yaani pale historia inapogeuka, nilizochora hadi sasa ni tatu. Meli za Ombaomba wa Baharini, maharamia wa upande wa waasi, zinazama kwa dhoruba kabla ya kuifikia Brielle tarehe 1 Aprili 1572. Willem wa Orange, kiongozi wa uasi dhidi ya Philip, anauawa kambini karibu na Mons Septemba mwaka huohuo. Na Septemba 1830 Mwanamfalme Frederik, mwana wa Mfalme Willem I, anaongezewa askari, anaiteka Brussels.

Nikosoeni bila kuoneana haya. Ipi inasimama, ipi inaanguka, na kwa nini? Nataka pia kujua Hispania ingehitaji nini hasa, kwa fedha, askari na muda, ili ishinde na ushindi wenyewe udumu.

Mhasibu_wa_Flanders

Mkuu, jambo la kwanza: hayo mawili hayakai kwenye mkondo mmoja. Ufalme wa Willem I uliundwa 1815 kwa kuunganisha iliyokuwa jamhuri ya kaskazini na majimbo ya kusini ambayo zamani yalikuwa ya Austria. Mpaka kati ya kaskazini na kusini ulitokana na vita vya 1568 hadi 1648. Philip akishinda, hakuna jamhuri, nasaba ya Orange haipewi taji, na wa kuasi Brussels 1830 hatakuwepo, au ataasi kwa jina lingine dhidi ya mfalme mwingine. Andika mikondo miwili.

Nikirudi kwenye ule wa kwanza, njia panda zako zinamlenga mtu mmoja au siku moja. Willem aliuawa kweli, Delft, tarehe 10 Julai 1584, na vita havikuisha. Tukio la Mons lilitokea pia: kamanda wa Hispania Julián Romero aliivamia kambi usiku, na husimuliwa kwamba kijibwa cha Willem ndicho kilichomwamsha akaponea chupuchupu. Ni sura nzuri ya kufungulia hadithi. Lakini kufikia Julai 1572 wajumbe wa miji ya Holland walishakutana Dordrecht na kukubali kugharamia vita. Ukimwondoa Willem unamwondoa mtu aliyewashikilia Wakatoliki na Wakalvini upande mmoja, ila miji iliyoasi haitafungua malango kwa sababu hiyo peke yake.

Fuata mishahara, hapo ndipo penye njia panda. Mwaka 1574 jeshi la Hispania huko Flanders lilihitaji takriban florini milioni 1.2 kila mwezi, na hazina ya Philip haikuweza kutuma kiasi hicho huku ikigharamia pia manowari za Bahari ya Kati dhidi ya Waosmani. Tazama kilichotokea tarehe 14 Aprili 1574. Wahispania walishinda kwa kishindo pale Mookerheyde, wakawaua ndugu wawili wa Willem, Louis na Henry wa Nassau. Kamanda yeyote angetaka ushindi wa namna ile. Na mara tu baada yake askari haohao, wanaodai malimbikizo ya karibu miaka mitatu, wakagoma, wakaandamana hadi Antwerp na kukaa humo mpaka walipwe. Majuma ambayo yangetumika kuimaliza Holland yakapotelea kwenye mazungumzo ya mishahara.

Kisha 1 Septemba 1575 Philip akasimamisha malipo ya madeni yake. Mabenki ya Genoa yakaacha kupeleka fedha kaskazini. Machi 1576 gavana Requesens akafariki. Katika majira ya joto Zierikzee ikaanguka baada ya kuzingirwa kwa miezi, na waliokuwa wameiteka wakaasi kwa kukosa mshahara. Tarehe 4 Novemba 1576 wakaipora Antwerp, mji uliokuwa upande wa mfalme! Siku nne baadaye majimbo ya kusini yaliyokuwa bado matiifu yakatia saini Mwafaka wa Ghent pamoja na waasi, ili kuwafukuza askari wa kigeni. Uasi uliokuwa umebanwa kwenye majimbo mawili ukawa wa karibu nchi nzima.

Kwa hiyo ningependekeza moja kati ya hizi mbili.

Ya mapema ni kodi. Mwaka 1569 Alba, gavana wa Philip, aliomba kodi tatu: asilimia 1 ya mali, mara moja tu, asilimia 5 ya mauzo ya ardhi na majengo, na ile iliyochukiwa kuliko zote, asilimia 10 ya kila mauzo mengine. Mabaraza ya majimbo yalikubali ya kwanza, na kwa hizo mbili yakatoa badala yake florini milioni 2 kwa mwaka kwa miaka miwili, hadi Agosti 1571. Muda ulipokwisha Alba akang'ang'ania kukusanya asilimia 10 kwa nguvu. Kufikia mwanzoni mwa 1572 wenye maduka Brussels walikuwa wakifunga milango wasiuze. Mfanye Alba aongeze mkataba wa milioni 2 kwa miaka mingine mitano. Meli zikifika Brielle, zitakuta miji isiyo na hamu ya kuwapokea maharamia.

Ya pili ni ya Machi 1573. Venice ilijitoa kwenye muungano wa Kikristo ikafanya amani na Waosmani. Philip hakufanya hivyo. Kaka yake wa kambo, Don Juan, akaenda kuiteka Tunis Oktoba 1573, na mwaka uliofuata Waosmani wakaichukua tena. Mwache Philip afuate njia ya Venice. Fedha za Tunis ziende Flanders, na mgomo wa Aprili 1574 uzimwe kwa sarafu kabla haujafika Antwerp.

TutaNaMlango

Naunga mkono hoja ya fedha, lakini Mhasibu anasema kana kwamba askari akilipwa Holland imekwisha. Holland na Zeeland ni nchi za maji, na maji yalikuwa upande wa waasi. Mkuu, usiandike ushindi wa Hispania kabla hujaipitia Leiden hatua kwa hatua.

Leiden ilizingirwa mara mbili. Mzingiro wa kwanza ulianza Oktoba 1573 na ukaondolewa Machi 1574, kwa sababu Valdez, kamanda wa Hispania, aliitwa kwenda kumkabili huyohuyo Louis wa Nassau aliyekuwa akija kutoka Ujerumani. Wakazi walifanya makosa mawili makubwa: hawakujaza maghala, na hawakubomoa ngome ndogo ambazo Wahispania walizijenga kuuzunguka mji. Valdez aliporudi tarehe 26 Mei alizikuta zimesimama, akaingia tu. Hakupiga kuta kwa mizinga, alikusudia njaa ifanye kazi.

Tarehe 3 Agosti waasi wakaanza kukata matuta ya mito Maas na IJssel ya Holland na kufungua malango ya maji, bahari iingie nchi kavu. Watu hudhani maji yalimwagika mara moja hadi Leiden. Hapana. Nchi ile imegawanyika vipande vipande, kila kipande kina tuta lake na kimo chake cha maji. Maji yakijaa kipande kimoja yanagota kwenye tuta linalofuata. Boisot, amiri wa waasi, alikuja na mashua bapa zinazoelea kwenye maji machache, na bado zikakwama. Kizuizi kikuu kilikuwa tuta liitwalo Landscheiding. Alilichukua usiku wa 10 kuamkia 11 Septemba kwa sababu lilikuwa na walinzi wachache mno. Mbele yake akakuta matuta mengine. Upepo wa mashariki ukivuma unayarudisha maji baharini, mashua zinakaa kwenye tope. Alihitaji upepo wa magharibi na bamvua kwa pamoja, na akavipata mwanzoni mwa Oktoba. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 sehemu ya ukuta wa mji ilianguka kwa kishindo. Wahispania waliokuwa kwenye ngome ya Lammenschans, wamezungukwa na maji gizani, wakakimbia. Kama wangebaki hadi mapambazuko wangeiona ile nafasi wazi ukutani.

Hapo una njia panda tatu safi, na kila moja inahitaji mabadiliko madogo. Louis haji Machi 1574, mzingiro wa kwanza unaendelea, na maghala ya Leiden yanakwisha kabla ya matuta kukatwa. Au Valdez anaweka kikosi kamili na mizinga kwenye Landscheiding. Au upepo wa mashariki unaendelea wiki moja zaidi. Wakazi walishakufa kwa maelfu kwa njaa na tauni, na wiki moja ilikuwa ndefu. Naipendelea ya pili kwa sababu haimtegemei Mungu wala hali ya hewa. Ni amri moja iliyotolewa au kusahauliwa.

Angalizo: usimfanye Philip aizamishe Holland yote kulipiza kisasi. Pendekezo hilo lilimfikia 1574, akalikataa kwa kuhofia sifa ya ukatili na hasara ya majimbo jirani yaliyokuwa matiifu. Na ukumbuke Naarden. Zutphen ilipoporwa Novemba 1572 miji mingi ya mashariki na kaskazini ilijisalimisha haraka. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Desemba, Naarden ikafungua malango na watu wake wakachinjwa hata hivyo. Haarlem iliyofuata ikapigana miezi saba, maana kusalimu amri kumeshaonekana hakuokoi mtu. Mkondo wako ukiwa na Naarden ileile, Leiden haitafungua malango hata ikila panya.

MchoraMkondo

Asanteni sana, nimeshafuta dhoruba ya Brielle. Swali kwa TutaNaMlango: Leiden ikianguka Agosti 1574, Zeeland inaangukaje? Naona kisiwa cha Walcheren na bandari ya Vlissingen, na sioni Hispania inafikaje huko bila meli.

TutaNaMlango

Haifiki, ndiyo shida yenyewe. Hispania ilipoteza mapambano ya majini Zuiderzee tarehe 11 Oktoba 1573, ambako kamanda wake Bossu alitekwa, na tena Reimerswaal Januari 1574. Februari Middelburg ikasalimu amri. Baada ya hapo Hispania haikuwa na bandari ya kina kirefu upande ule.

Kuna mbinu moja iliyofanya kazi: kutembea. Oktoba 1572 Cristóbal de Mondragón aliiokoa Goes kwa kuwavusha askari wapatao 3,000 usiku, maji yakiwa yamekupwa, juu ya nchi iliyozama zamani. Walitembea kwa saa nyingi maji yakiwafika kifuani, kila mmoja amebeba juu mfuko wa baruti na mikate mikavu. Mwaka 1575 mbinu ya namna hiyo ilitumika tena kuifikia Duiveland, na ndiyo iliyofungua njia ya kuizingira Zierikzee. Ukiitumia, heshimu saa za kupwa na kujaa. Kikosi kinachochelewa saa moja kinazama.

Walcheren haifikiki hivyo. Huko unahitaji meli za Santander, bandari ya kaskazini mwa Hispania. Mwaka 1574 Philip alimkusanyia Pedro Menéndez de Avilés kundi kubwa la meli, lielekee kaskazini. Maradhi yakazuka, Menéndez akafariki tarehe 17 Septemba 1574, na meli hazikwenda. Hata zingekwenda, rubani wa kuzipitisha kati ya mafungu ya mchanga ya Zeeland alikuwa Mzeeland, na Wazeeland walikuwa waasi. Kwa hiyo usiandike ushindi kamili. Andika Holland imeanguka, Zeeland imefungiwa, na pande zote mbili zina sababu ya kuzungumza.

Barikedi1830

Nami nichukue mkondo wa pili, maana umeachwa peke yake.

Kuongeza askari Brussels hakutatui kitu. Jeshi la Frederik liliingia alfajiri ya 23 Septemba 1830. Vikosi vya pembeni vilivyopita malango ya Flanders na Laeken vilirudishwa nyuma. Mawe na samani zilikuwa zikirushwa kutoka madirishani. Kikosi kikuu kilipenya lango la Schaerbeek, kikateremka Barabara ya Kifalme hadi ndani ya Bustani, kikagota hapo. Itazame hiyo Bustani kwenye ramani: ni mstatili wenye miti na uzio wa chuma, umezungukwa pande zote na majengo marefu. Aliye ndani ana kivuli cha miti, aliye nje ana madirisha na mapaa. Askari elfu tano zaidi ndani yake ni watu elfu tano zaidi wa kupigwa risasi. Frederik hakutaka kuuteketeza mji wa baba yake kwa mizinga, na usiku wa 26 kuamkia 27 akaondoka.

Alichokosea ni kuingia. Siku zilezile kabla ya shambulio viongozi wengi wa upinzani walishakimbia mji, na waliobaki walikuwa wamegawanyika. Azingire, afunge barabara za chakula, asubiri. Shambulio lake ndilo lililowaunganisha watu na kuwavuta wapiganaji wa kujitolea kutoka miji mingine.

Hata hivyo tatizo kubwa lilikuwa ndani ya jeshi lenyewe. Sehemu kubwa ya askari walikuwa watu wa kusini huku maofisa wengi wakiwa wa kaskazini. Brussels iliposhinda, askari wa kusini wakaacha vikosi vyao, na ngome za kusini zikasalimu amri moja baada ya nyingine. Mzingiro mrefu unaleta hatari hiyohiyo polepole. Kwa hiyo njia panda bora ni ya kisiasa. Wabunge walikuwa 55 kwa 55 ingawa kusini kulikuwa na watu wengi zaidi kwa mbali, deni kubwa la kaskazini lilibebwa na wote, na tangu 1828 Wakatoliki na waliberali wa kusini walikuwa wameungana, jambo ambalo mfalme hakulitarajia. Mwanzoni mwa Septemba mwana wa mfalme, Mwanamfalme wa Orange, alikuwa Brussels akasikia ombi la kutenganisha utawala wa pande mbili chini ya taji moja. Mabunge yaliukubali utengano huo tarehe 29 Septemba, siku mbili baada ya jeshi kuondoka Bustanini. Usogeze uamuzi huo nyuma majuma matatu tu. Huko Ghent na Antwerp wenye viwanda na wafanyabiashara wengi hawakutaka kulipoteza soko la makoloni ya Uholanzi, kwa hiyo mfalme alikuwa na watu wa kumuunga mkono.

Ukitaka vita lazima, basi nenda Agosti 1831. Kampeni ya Siku Kumi ilianza tarehe 2. Waholanzi waliwavunja Wabelgiji Hasselt tarehe 8 na kufika Leuven tarehe 12, wakakutana na jeshi la Ufaransa la Marshal Gérard. Sasa sikiliza: Casimir Périer, mkuu wa serikali ya Ufaransa, alikuwa ametangaza kujiuzulu siku hizohizo, akabadili nia habari za uvamizi zilipofika Paris tarehe 4. Asipobadili, amri ya kuvuka mpaka inachelewa, na Brussels inaingiwa. Lakini Willem hatapata kusini yote. Wakubwa wa Ulaya waliokutana London walishaukubali uhuru wa Ubelgiji Desemba 1830. Urusi, rafiki yake mkubwa, ilikuwa imenaswa Poland tangu Novemba. Ufaransa isingekubali jeshi la Prussia kwenye mpaka wake. Utapata mgawanyo: kipande kwa Uholanzi, kipande kwa Ufaransa, pengine kwa Prussia pia. Kwa mkondo ambamo Ubelgiji inabaki nzima chini ya Willem, unahitaji Septemba 1830 au usiandike kabisa.

Mhasibu_wa_Flanders

Barikedi amesema vizuri, naongeza moja. Ukitaka kuona uasi wa Wabelgiji ulioshindwa kweli, soma wa 1789. Walimfukuza Joseph II wa Austria baada ya ushindi wa Turnhout Oktoba 1789, wakatangaza Mataifa ya Ubelgiji Yaliyoungana Januari 1790, na kufikia Desemba Waaustria walisharudi Brussels. Wafuasi wa Van der Noot, waliotaka desturi za zamani, waliwaandama wafuasi wa Vonck, waliotaka mageuzi, jeshi likapoteza kamanda wake Van der Mersch kwa kutiwa kizuizini na upande wake mwenyewe, na Prussia iliyokuwa ikiwapa matumaini ikapatana na Austria huko Reichenbach Julai 1790. Hayo mawili, mgawanyiko wa ndani na mlezi wa nje anayejitoa, ndiyo yaliyokosekana 1830.

MchoraMkondo

Nimeelewa. Naanza na mkondo wa 1573: Philip anapatana na Waosmani, mgomo wa 1574 unazimwa, Landscheiding inalindwa, Leiden inaanguka. Nikifika 1600 nitegemee kuona nini? Na kwa mkondo wa 1830, Kongo?

Mhasibu_wa_Flanders

Kwanza Antwerp. Katika historia halisi ilianguka kwa Parma, gavana na kamanda wa Philip, tarehe 17 Agosti 1585, Waprotestanti wakapewa miaka minne ya kuondoka, na ndani ya miaka michache mji ulibaki na karibu nusu ya watu wake. Wafanyabiashara, wafumaji na wachapaji wengi walihamia kaskazini, na mtaji wao uliikuza Amsterdam. Kwenye mkondo wako uporaji wa 1576 haupo na mto Scheldt haufungwi. Wakalvini watakimbia bado, ila Emden, Hamburg, Frankfurt na London, ambako baadhi walikuwa wameshatangulia. Amsterdam, iliyobaki tiifu kwa mfalme hadi 1578, itakuwa bandari ya nafaka ya Baltiki na samaki, yenye heshima yake. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ya 1602 usiiandike. Philip akichukua taji la Ureno 1580, viungo vya Lisbon vitauzwa Antwerp chini ya mfalme mmoja.

Usimpe raha mno, lakini. Amani ya 1574 isiyo na ruhusa ya ibada kwa Wakalvini itavunjika, na Philip hakuwa mtu wa kutoa ruhusa hiyo. Requesens alijaribu kuzungumza Breda 1575 na hapo ndipo palipokwama. Andika kipengele cha kuuza mali na kuondoka kwa amani, kama alichokitoa Parma. Hicho Philip alikikubali kweli.

Barikedi1830

Kongo: asiyekuwa mfalme hana wa kumtuma. Leopold II alipata nafasi ya kudai nchi ile 1885 kwa sababu baba yake alikubaliwa Brussels 1831. Ubelgiji ikibaki kwa Willem, mji mkuu unaotazama makoloni ni The Hague, na macho yake yako Java, ambako vita viliisha Machi 1830 na kilimo cha kulazimishwa kikaanza mwaka huohuo. Nani angekaa bonde la Kongo, Mreno, Mfaransa au Mwingereza, ni mkondo mwingine kabisa; usiujaze ndani ya huu.

TutaNaMlango

Mkuu, kitu kimoja kabla hujaanza kuandika. Fedha za Tunis zikihamia kaskazini, sehemu iende Santander. Menéndez aondoke na meli zake Julai 1574, kabla maradhi hayajashika kambi, na lengo lake liwe Dunkirk, asijaribu Vlissingen. Akiwa hapo anaikata Zeeland na chumvi, nafaka na wavuvi wake kwa majira ya baridi mazima. Mazungumzo yafunguliwe Leiden ikiwa imeanguka na yeye akiwa hai na meli zimetia nanga. Kufikia katikati ya Septemba, kwa kalenda ya kweli, hana tena muda.